Kabla ya Kubonyeza ls

...na kompyuta haijasema kitu, imerudisha tu ile alama ya dola na kimstari kinachopepesa, na Phares mwenye studio alinifundisha kwamba Linux ikinyamaza ujue imetii, ila hakunifundisha nifanyeje nikiogopa ilichotii, Mungu wangu, folda ya kwaya, niliiunda kwa mkdir au nilinuia tu nikaitwa mlangoni, maana huu ujanja wa mstari mmoja, for f in *.wav, mv, yaani hamisha, kila faili ya sauti iende kwaya, ni mtamu folda ikiwepo, isipokuwepo kila faili inapewa jina hilohilo, kwaya, ya pili inaifuta ya kwanza, ya tatu inaifuta ya pili, mpaka ibaki moja tu, ya mwisho kwa alfabeti, na ya mwisho ni faili ya wathome, si ya munyoki... "Ndeti mwanangu, hiyo kompyuta imelala?"... bado kidogo, Mama Kaluki, naipanga tu... amekaa nyuma yangu kwenye stuli, mjane wa Munyoki, na ile kaseti redio yao iliitafuna, utepe ukatoka wote kama matumbo ya mbuzi machinjioni Kiamaiko, nilikuwa nimeinakili humu kabla, bahati, tukasema bahati, sasa sauti ya mumewe haiko popote duniani ila humu, kama imo, na ningeweka ile -i baada ya mv ingeniuliza kwanza, nifute? ningesema la, la, lakini haraka yangu, haraka haraka haina baraka, nitamwambia stima ilipotea, Makongeni nzima inajua stima hupotea, ataamini, atalia lakini ataamini... "Na kile kikohozi chake cha mwanzo usikitoe, wacha tu hivyo"... sikitoi, mama... herufi mbili tu, ls, nione kilichobaki, kidole hakishuki, naogopa, treni inapita, madirisha yanatetemeka, na sasa anaimba, polepole, wimbo wao wa kwaya, lakini anaimba kiitikio tu, ikifika zamu ya Munyoki ananyamaza, anamwachia nafasi yake yote, kisha anaitikia, na mimi nilitaka kumtajia stima, nimdanganye mtu anayengoja hivi, siwezi, kama hayumo nitageuka nimwambie ni mimi, ni mkono wangu huu, si stima, kidole bado kiko juu ya l, kimstari kinapepesa, naye amenyamaza tena, ni zamu ya Munyoki...