Waliokaa Kitini kwa Sedekia

Kila Jumatatu asubuhi, kabla hajafungua dirisha la mbele, Sedekia alipiga pasi koti la studio. Lilikuwa koti jeusi alilolinunua Iringa, alikojifunza kazi, na tangu mwaka sitini na mbili wanaume wa Mbeya waliotaka picha ya heshima walivaa hilohilo. Wembamba aliwabana pini mgongoni, wanene waliliacha wazi. Mteja alisimama kando ya kiti cha mbao, mkono wa kulia juu ya egemeo, akaambiwa asicheke. Nyuma yake lilining'inia pazia lililochorwa ziwa. Mchoraji hakuwahi kuliona ziwa, na ukweli huo ulionekana.

Kila picha Sedekia aliichapa mara tatu: mbili za mteja, moja ya nyumba. Ile ya nyumba aliitia kwenye bahasha, akaandika jina, kijiji na tarehe, akaipanga kwenye maboksi ya viatu chumba cha nyuma. Mafundi wenzake walimcheka kwa kumaliza karatasi bure. Yeye alisema aliyemfundisha alifanya hivyo, basi.

Katika picha hizo za nyumba, mtu akifa alikuwa anakaa.

Zile walizopewa wateja hazikubadilika. Ni za maboksini tu. Mtu alikuwa amesimama kando ya kiti miaka minane, na siku anafariki anakutwa amekikalia, magoti pamoja, mikono juu yake, uso uleule wa kutocheka. Sedekia aliligundua jambo hilo mwaka sitini na sita alipokuwa akitafuta bahasha nyingine. Mwanzoni alilaumu unyevu, maana mvua ya Mbeya si mchezo. Baadaye akaacha kulaumu, ila tangu hapo hakumpiga mtu picha amekaa, hata bibi wa miaka tisini. Wazee walimnung'unikia.

"Simama tu, mama," aliwaambia. "Kukaa utakaa."

Habari zikaenea. Wenye ndugu waliokwenda migodini Zambia, au waliofuata kazi ya reli wakanyamaza, walikuja kuuliza. Sedekia aliwapa bahasha, akatoka nje kuwaachia nafasi. Aliyemkuta ndugu yake amesimama alishukuru akaenda sokoni. Aliyemkuta amekaa alirudi kwao kunyoa nywele, na majirani wakaanza kukusanya kuni. Hata mchungaji aliuliza tu, "Mmetoka kwa Sedekia?" Wakisema ndiyo, alivaa joho.

Sekela alikuja Oktoba sabini na nne. Alikuwa mjane wa milimani mwenye mtoto mmoja wa kiume, Asukile, mpasua mbao, aliyewahi kupigwa picha hapohapo studio. Mwezi wa nane operesheni ya kuhamia vijijini ilipofika kwao, watu walishushwa bondeni kwa malori. Asukile alikataa kuiacha migomba na kaburi la baba yake. Mgambo wanne walimchukua jioni moja, wakasema ni mahojiano, na hakurudi. Katibu wa kijiji kipya, Ndugu Edmund, aliandika kwenye rejista: mtoro, amekimbilia Zambia. Sasa mtoro hana matanga. Anayemlilia mtoro anajulikana yuko upande gani, na hakuna jirani aliyetaka kujulikana. Miezi miwili Sekela alilia peke yake, na kwao, kulia peke yako ni kubaya kuliko njaa.

"Ndaga, baba," alimsalimu Sedekia. "Nitazamie mwanangu. Kama yuko Zambia nijue, nimchukie vizuri."

Sedekia alileta bahasha. Asukile alikuwa amekaa. Koti lilikuwa na udongo mabegani. Mikono yake haikulala magotini kama ya wengine. Yote miwili ilipita nyuma ya egemeo la kiti, mabega yakavutika.

Sekela alitazama, akatazama. Kisha akaigeuza ile karatasi. Nyuma palikuwa na mwandiko wa Sedekia tu: jina, kijiji, tarehe.

"Mikono yake siioni."

"Imefungwa, mama."

"Kwamba imefungwa naona. Nataka kuiona kamba, nijue ni ya nani."

"Picha haina nyuma, mama yangu. Ingekuwa nayo ningekuonyesha."

Uchungu ukamshika palepale. Sedekia alifunga mlango wa studio, akaketi chini kando yake, akalia naye. Asukile hakuwa ndugu yake, ila asingemwacha mama wa watu alie peke yake.

Kesho yake walikwenda wote wawili kwa katibu. Edmund hakuwa mtu wa makelele. Aliipokea picha kwa mikono miwili, akavua kofia, akasimama. Baba yake mwenyewe alikuwa amekaa kwa Sedekia mwaka sabini na mbili, naye alinyoa siku hiyohiyo bila kuuliza hospitali.

"Pole sana, mama. Kweli amekaa."

"Basi andika."

"Niandike nini?"

"Kwamba amekufa. Watu waje tulie."

Edmund alifungua rejista, akaifunga. "Nikiandika amekufa, wilayani wataniuliza amefia wapi, na mikononi mwa nani. Na wale mgambo ni vijana wetu, wana wake na watoto."

"Huyu alikuwa kijana wa nani?"

Katibu aliisogeza rejista kando. "Mama Asukile," alisema, "mimi nakuamini. Rejista ndiyo haiamini."

Alimfungia kilo ya sukari ya duka la kijiji, akamwomba asimwambie mtu aliyempa. Sekela aliiacha mezani.

Wiki tatu zikapita, ikaja amri kwamba picha ya kila mtoro ipatikane, ibandikwe mpakani. Edmund alimwandikia Sedekia barua yenye mhuri, kuomba ya Asukile. Sedekia aliisoma mara mbili. Hakuigusa ile ya boksini. Alitafuta negativu, akaichapa kubwa. Kwenye negativu napo alikuwa amekaa, na mikono iko nyuma. Edmund alipoiona alitikisa kichwa, lakini barua ilidai picha, na hii ilikuwa picha. Akaitia sahihi.

Ikabandikwa Tunduma, kwenye ubao karibu na geti: ANATAFUTWA. MTORO. ATAKAYEMWONA ATOE TAARIFA.

Sekela aliposikia alinyoa nywele, akajifunga kitenge kiunoni kama wafiwa wanavyojifunga, akaenda. Alikaa chini ya ubao, akanyoosha miguu. Askari wa zamu alimuuliza anangoja nini.

"Singoji. Niko msibani."

Askari aliinua macho kwenye picha. Alikuwa mtu wa Tukuyu, na kaka yake alikuwa amekaa kwenye maboksi yale ya Sedekia. Akaleta mkeka.

Wanawake waliovuka na mahindi walitua mizigo, wakauliza aliyefariki ni nani, wakaketi. Madereva wa malori walizima injini. Hakuna aliyemjua Asukile, lakini msiba ni msiba, na hapa hapakuwa na jirani wa kumtaja mwenzake kwa katibu. Siku ya pili walifika kama arobaini. Mtu alileta sufuria ya maharage, mwingine akawasha moto, na utingo mmoja wa Zambia akaanzisha wimbo wa kanisani kwa kilugha chao, wakauitikia kila mtu kwa chake. Sekela alilia mpaka sauti ikakauka. Walilia naye siku tatu.

Siku ya nne mvua zilianza, na shamba la bondeni lilikuwa halijapandwa. Sekela aliwashukuru mmoja mmoja, kwa mkono, akaondoka.

Askari alikunja mkeka, akafagia majivu chini ya ubao. Kisha akaingia ofisini, akafungua kitabu cha taarifa, na akaandika kama alivyoagizwa kuandika kila siku: Mtoro Asukile hajaonekana.