Masele Fundi

Jumatatu nilifundisha nomino. Darasa la tano, watoto themanini na wanane, madawati ishirini na mawili. Wanaokosa nafasi wanakaa sakafuni na kuandikia mapajani. Wengi wao Kiswahili wanakikuta shuleni, nyumbani ni Kisukuma kuanzia asubuhi mpaka kulala, lakini ukiwapa mfano wa kuchekesha wanakudaka haraka kuliko watoto wa mjini. Aina za nomino tulikuwa tumeshazimaliza: za pekee, za kawaida, za jamii, za wingi, dhahania. Siku hiyo ilikuwa zamu ya kazi zake katika sentensi. Hii ni kiima, hii ni yambwa, na hii hapa, ikikaa mgongoni mwa nomino mwenzake, inaacha kuwa mtu na kuanza kumsifia mwenzake.

Nikaandika ubaoni: Walioalikwa harusini: Makoye mchungaji.

"Wangapi hao?"

"Mmoja!"

Nikatia mkato baada ya Makoye. "Na sasa?"

"Wawili!"

"Mnaona? Mkato umezaa mtu."

Darasa zima likaangua kicheko. Justa, anayekaa mbele, alicheka mpaka akajifunika uso kwa daftari. Nilitoka pale nimejaa sifa. Miaka ishirini na sita ya chaki, na bado somo likikolea najiona kama nimepewa cheo.

Jumanne duara likaporomoka. Duara ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao la dhahabu, na hilo lilikuwa ng'ambo ya kilima tunachokiona kutoka shuleni. Mwenye duara na karani wake walitoroka kabla vumbi halijatulia, kwa kuogopa kukamatwa. Kilichobaki ni kaunta buku ambayo karani alikuwa akiandikia majina ya wanaoshuka. Kufikia Alhamisi jioni waokoaji walikuwa wametoa maiti sita.

Ijumaa saa tatu asubuhi Mama Justa akasimama mlangoni mwa darasa langu, miguu imejaa udongo mwekundu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Mama Justa. Pole sana."

"Baba Justa bado hawajamtoa. Na wanataka kufukia leo."

Nikatoka nje tukasimama ukutani. Alinieleza taratibu, kama mtu aliyeshalieleza jambo hilohilo mara nyingi bila kusikilizwa. Kwenye kitabu siku ile ya Jumanne kulikuwa na mistari sita. Maiti zilizotolewa ni sita. Mkuu wa waokoaji amehesabu, akasema kazi imekwisha.

"Lakini Baba Justa yumo, mwalimu. Yumo mstari wa tano. Kule hakuna anayemjua kwa jina la Pantaleo, wanamwita Fundi. Wameandika 'masele fundi.' Masele wamemtoa juzi. Waokoaji wanasema Masele, ambaye hana ndugu hapa wa kuulizwa, ndiye aliyekuwa fundi, ni mtu mmoja. Justa ndiye aliyeniambia. Amesema mwalimu ametufundisha, mkato ukikosekana, wawili wanageuka mmoja. Nikaona nije nikuchukue ukawaeleze."

Pantaleo nilimfahamu kwa sura. Mtu wa Ushirombo, Mkatoliki wa Jumapili zote, asiye fundi wa kitu chochote. Siku moja aliipiga redio ya mtu kofi ikaanza kusema, jina likamganda kuanzia hapo.

Mungu anisamehe, nilifurahi. Hapo mlangoni, mbele ya mwanamke ambaye mumewe yuko chini ya ardhi, nilifurahi kwamba hatimaye sarufi imehitajika mahali. Nikamwachia darasa mwenzangu, tukapanda bodaboda moja mimi na Mama Justa, tumebanana mshikaki nyuma ya dereva, mpaka machimboni.

Watu walikuwa wamejaa. Eskaveta ilikuwa imeshawashwa, inanguruma bila kwenda popote. Mkuu wa waokoaji alikuwa mtu mpole, macho mekundu kwa kukosa usingizi, wala sina neno baya juu yake. Alinipa kile kitabu kwa mikono miwili.

Mwandiko niliujua kabla sijausoma. Meshack. Huyo karani alipita mikononi mwangu miaka minane iliyopita, darasa la watoto mia moja na kumi na wawili. Herufi zake zote ndogo, mwanzo mpaka mwisho, hata jina lake mwenyewe. Madaftari ya mwaka ule nilikuwa nayapiga vema chini ya ukurasa bila kusoma, maana ukisoma hulali. Kwa hiyo najua vizuri kwa nini Meshack haanzi jina la mtu kwa herufi kubwa. Ni mimi.

"Mkuu," nikasema, "huyu kijana hajui herufi kubwa wala mkato. Hapa kuna watu wawili waliobanana mstari mmoja. Masele, halafu Fundi."

"Una uhakika?"

Nikaanza kupekua kurasa za nyuma. Jumamosi iliyopita: "masele" mstari wake, na chini yake "fundi" mstari wake, peke yake.

"Hii hapa! Fundi yuko peke yake! Ni jina la mtu!"

Mkuu akasogeza uso karibu na kitabu. Akainua mkono kumzuia dereva wa eskaveta. Mama Justa akanikamata shati kwa nyuma, nikasikia mkono wake ukinivuta. Kwa dakika ile moja nilikuwa na matumaini kamili, sikubakiza akiba.

Ndipo akajitokeza Davis, fundi wa pampu. Kijana mwema, hakuwa na nia mbaya.

"Samahani, mwalimu. Huyo fundi wa Jumamosi ni mimi. Nilishuka kufunga pampu ya maji." Akafungua ukurasa mwingine, akaonyesha kwa kidole cheusi cha oili. "Na hapa pia."

Palikuwa pameandikwa "davis fundi." Mstari mmoja, mtu mmoja, na mtu mwenyewe amesimama mbele yetu anapumua.

Mama Justa akasema, "Baba Justa alikunywa uji kwangu Jumanne. Alichukua tochi yake. Ameniaga."

"Mama, nakuonea huruma," mkuu akasema. "Lakini kuna watu hapa wanasema huyo wanayemwita Fundi walimwona Jumatatu stendi ya Segese na begi."

"Alikwenda kupokea begi la mdogo wake! Alirudi!"

Mkuu akanivuta pembeni, lakini kila mtu alikuwa anasikia. Kuta za duara zilikuwa zinamomonyoka, usiku ule zingeanguka tena. Akiwarudisha vijana wake wanane ndani ni lazima ajue kuna mtu. Hawezi kuwazika wanane kwa ajili ya kumtafuta mmoja ambaye huenda yuko Geita anakunywa soda.

"Mimi si mtaalamu, mwalimu. Wewe ndiye uliyesomea. Niambie tu hivi: kwa namna ilivyoandikwa hapa, hili neno ni mtu wa pili, au linamwelezea Masele?"

Nikaangalia mstari wa tano. Hakuna mkato. Hakuna "na." Herufi ndogo. Nomino imefuata nomino. Nilisahau kwamba niko machimboni. Nilijiona niko mbele ya mkaguzi wa elimu aliyekaa nyuma ya darasa na kalamu yake, na mimi sijawahi kumpa mkaguzi jibu la uongo.

"Kwa namna ilivyoandikwa," nikasema, "linamwelezea Masele. Lakini..."

Mkuu alishaitikia kwa kichwa. Dereva akavuta mtambo. Nikapiga kelele kwamba karani hakujua kuandika, kwamba inawezekana wakawa wawili, kwamba kosa linaweza kuwa la kwangu. "Kila kitu kinawezekana, mwalimu," alinijibu kwa upole, na akanishika bega. Mama Justa alikuwa amefika ukingoni. Aliita "Pantaleo!" kuelekea chini, mara tatu, kisha wanawake wakamzuia. Udongo wa kwanza ukamwagwa saa sita kasoro. Kufika saa kumi pale mahali palikuwa pamesawazishwa, unaweza kucheza mpira.

Wiki mbili zikapita. Justa alirudi shuleni. Sikumuuliza swali hata moja darasani, nikahamia kwenye vitenzi.

Siku moja wakati wa mapumziko ya saa nne simu ikaita, namba siijui.

"Shikamoo, mwalimu. Ni Meshack, yule mwanafunzi wako. Niko huku Geita. Nataka kujipeleka polisi, nikaona unisaidie kuandika maelezo, maana mimi kuandika..."

Hata marahaba sikuitikia. "Mstari wa tano walikuwa wangapi?"

"Mstari gani?"

"Jumanne! Masele fundi!"

"Wawili, mwalimu. Masele na yule Fundi wa Ushirombo. Walikuja wameongozana, nikawaandika wameongozana."

"Na Masele alikuwa fundi wa nini?"

"Masele? Hakuwa fundi wa chochote."

Nilimpigia mkuu wa waokoaji. Akasema pole, akasema pale sasa hapafukuliki, akasema tumwombee marehemu. Lilikuwa jibu la kweli pia.

Jioni nikaenda kwa Mama Justa. Alikuwa anapepeta mchele uani, Justa akiokota kuni upande wa pili wa nyumba. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, sikuweza kukaa kwenye kigoda alichonipa. Nilimweleza habari za Meshack, za kuongozana, za herufi ndogo na za vema nilizokuwa napiga bila kusoma. Nilimwambia kuwa pale duarani nilijibu kwa jinsi kanuni ilivyo, na kanuni haikuwa na kosa.

Hakulia. Aliuweka ungo chini, akaniangalia usoni.

"Mwalimu," akasema, "si ungesema tu wawili. Nani pale angekusahihisha?"