Siku Kope Zangu Zilipopewa Jembe

Jana usiku, nikiwa nimelala chali kama nilivyoamriwa na fundi wa kope, niliota kwamba kope zangu zimegombana na zimekataa kusuluhishwa.

Sikushangaa. Ugomvi huo nilikuwa nimeutafuta mwenyewe. Leo ndiyo siku ninayoagwa kwetu kabla ya harusi, na jana mchana nilikwenda saluni kwa fundi Editha nikabandikwa kope ndefu, nyeusi tii, zilizojikunja kwa madaha. Nilirudi nyumbani nikijitazama kwenye kioo cha kila gari lililoegeshwa njiani. Nilipofika, Shangazi Mwajabu, dada yake marehemu baba, akaniuliza fundi amenikataza nini.

Nikamtajia. Nisizilowanishe. Nisizisugue. Nisizipake mafuta. Nisilale kifudifudi. Nisikae karibu na mvuke.

"Na kulia je?" akauliza.

Hilo sikuwa nimeliuliza. Kisha nikampigia simu fundi Editha.

"Kulia?" akasema fundi. "Gundi bado mbichi, mdogo wangu. Ukilia zinashuka zote. Kesho wewe cheka tu."

Cheka tu! Kwetu bibi harusi anayeagwa hulia. Asipolia, watu hawamsemi yeye, wanamsema mama yake. Watasema alimtesa mtoto mpaka mtoto anaondoka kwa furaha. Binamu yangu Zamda hakulia. Alipanda gari mwenyewe, akafunga mlango, akashusha kioo na kuwapungia watu mkono. Miaka imepita, na mpaka leo mama yake akienda shughuli hukaa nyuma kabisa, karibu na masufuria. Mama yangu mimi amenilea peke yake tangu baba afariki. Nililala na hofu hiyo kifuani.

Basi nimelala, na ghafla nasikia sauti juu ya jicho la kulia.

"Mimi sibebi tena," inasema sauti. "Nimepandishiwa wageni watatu mgongoni, mimi ambaye hata wanja hunichosha."

Ni ukope wangu wa asili, ule wa katikati. Naujua kwa unyonge wake.

"Sisi tumezaliwa na mwenye macho," unaendelea. "Hawa wamekuja kwenye kikasha."

"Wewe umechipua mwezi uliopita," unajibu ukope wa kubandika. "Ukope aliozaliwa nao ulishaanguka zamani, ukafagiliwa."

Ukope wangu ukakiri kwamba hilo ni kweli.

Nikataka kuinuka niwaamue. Kitanda kikanishika mabega.

"Usilale kifudifudi," kikasema.

Nikakieleza kwamba nataka kuketi, na kuketi si kulala kifudifudi. Kikasema chenyewe ni kitanda tu, mambo ya kutofautisha hakikusomea. Nikataka kukisukuma, nikakuta sina mikono. Mikono yangu ilikuwa juu ya kabati, imekunjwa vizuri kama kanga mpya, na Shangazi Mwajabu alikuwa anaifunika kitambaa isipate vumbi.

"Utarudishiwa baada ya shughuli," akasema. "Usije ukajisugua."

"Na nikiwashwa, shangazi?"

"Utavumilia. Atakaye uzuri hudhurika."

Mlangoni birika la chai lilichungulia, likaniona, likaomba radhi kwa ajili ya mvuke wake, likarudi jikoni kinyumenyume. Nililiona ndilo lenye adabu kuliko wote mle ndani.

Nikapepesa macho. Kope za kubandika si mchezo: upepo ulivuma, pazia likang'oka, na chumba kizima kikaondoka. Nikajikuta nimeketi ukumbini mbele ya watu, nimevaa gauni la kuagwa, mikono sina, kitanda bado kimenishika mabega.

Lazima niseme ukweli, nilikuwa nimependeza. Nilikuwa nimependeza mpaka mpiga picha alipiga picha moja, akaketi sakafuni kupumzika. Nilipoinamisha macho kama bibi harusi anavyotakiwa, kope ziliteremka taratibu kama mapazia ya nyumba ya watu wenye uwezo, na ukumbi mzima ukasema "Aah."

"Unaona?" zikasema kope za kubandika. "Amelala saa mbili tu, nani anajua? Hajapaka wanja, nani anajua? Macho yake yalikuwa mawili, sisi tumeyafanya yaonekane."

"Na uzito je?" ukauliza ukope wa katikati, ukihema.

Mshereheshaji akashika kipaza sauti. "Ndugu wageni waalikwa," akasema, "chozi la bibi harusi linasubiriwa. Likichelewa, tutaanza kusema."

Watu wakageukiana, wakajiweka sawa kwenye viti, wakajiandaa kusema.

Mama ameketi kiti cha mbele. Kila mtu mmoja anapomnong'oneza mwenzake, miguu ya kiti cha mama inazama kidogo sakafuni. Mwanamke wa meza ya pili, mwenye kilemba kirefu, hakunong'ona hata, alisema kwa sauti: "Kumbe mtoto alikuwa anahesabu siku za kuondoka!" Kiti kikazama zaidi. Mama hakulalamika. Alishikilia mkoba wake mapajani, akanitazama vile anavyonitazama nikiwa na homa. Niliumia sana.

Nikaamua kulia, liwalo na liwe. Machozi yalikuwapo tayari nyuma ya jicho, yamepanga foleni. La kwanza lilikuwa limevaa suti na kushika kadi ya mwaliko. Lakini mlangoni ilisimama gundi, imevaa kofia ya mlinzi.

"Maji hayaruhusiwi," ikasema gundi.

"Mimi si maji," likajibu chozi. "Mimi ni chozi. Nina chumvi."

"Chumvi nayo hairuhusiwi. Mimi bado mbichi. Ukinigusa, hawa wote wanashuka."

"Nimetoka mbali, ndugu yangu. Nimetoka siku aliyozikwa baba yake. Siku ile alikuwa mdogo, walimpeleka kwa jirani akacheze, hakunitoa. Nimekaa humu tangu hapo, nikingoja siku nyingine ya maana."

Gundi ikasema imesikia, na inasikitika, lakini amri haikuitoa yenyewe.

Sikujua kwamba lile chozi lipo. Nilimtazama mama, na kiti chake sasa kilikuwa kimezama nusu.

"Tuwaangushe hawa wageni sasa hivi," zikasema kope zangu za asili. "Mwenye macho alie, yaishe."

"Mkituvuta kwa nguvu, tunashuka nanyi," zikasema za kubandika. "Tumeshikana, hamkumbuki? Mtabaki wangapi? Ataolewa akiwa na macho ya samaki."

Kope zangu zikakubali, kwa sababu na hilo lilikuwa kweli. Kila upande ulikuwa na haki yake, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Wenye makosa huwa rahisi kuwaamua.

Nikapepesa macho ili nitoroke. Upepo ukavuma, ukumbi ukahama. Sasa tupo shambani kwa mama, kule mlimani kwenye udongo mwekundu, na wageni waalikwa wote wamesimama katikati ya mahindi na sahani zao za pilau. Hakuna aliyeacha kula. Kiti cha mama kimezama udongoni mpaka yeye mwenyewe amefikiwa kiunoni, na kutoka pale chini akazungumza kwa mara ya kwanza.

"Mwanangu, hao wageni wako wamefika lini?"

"Jana, mama."

"Jana ya kule au ya humu?"

Nikafikiri. Ndotoni siku hazina nidhamu. "Kwa humu ni juzi," nikasema.

"Basi leo ni siku ya tatu," akasema mama. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

Majembe yakatolewa, madogo, yenye mipini myembamba kama njiti ya kiberiti iliyochongwa. Ukope wangu wa katikati ndio ulioyagawa, na uliyagawa kwa furaha ambayo sikuipenda.

Kope za kubandika ziliyatazama majembe kwa muda. Moja lilishikwa upande wa bapa.

"Sisi ni wa kupendezesha," zikasema. "Kwenye kikasha chetu hapakuandikwa kulima."

Hapo hasira zikanipanda, hasira za mwenye nyumba. "Mnakaa kwangu," nikasema. "Mnabebwa na hawa wanyonge. Nimewalalia chali usiku kucha kama maiti inayosubiri kusaliwa. Nimeacha mafuta, nimeacha mvuke, mikono yangu ipo juu ya kabati kwa ajili yenu. Mama yangu anazama mbele ya watu nanyi mnanitajia kikasha? Mtalima! Chimbeni mfereji kuanzia kona ya jicho, upite chini ya gundi, mbali nayo, mpaka shavuni. Chozi lipite."

Kitanda kikaniachia mabega, kwa heshima.

Zikaanza kuchimba. Mwanzoni zilichimba vibaya, zikirushiana udongo machoni. Kope zangu zikasimama pembeni zikicheka, kisha zikaona aibu, zikaingia kuonyesha namna ya kuinama, kisha zikashika majembe nazo. Shangazi Mwajabu akatokea kwenye mahindi amebeba mikono yangu, akaanzisha wimbo wa kulimia na kupiga makofi kwa mikono ile ile. Makofi yalikuwa yangu, nikayasikia viganjani kwa mbali. Ukope wa katikati ukamwambia mgeni wake, "Kumbe una nguvu." Mgeni akasema hakujua.

Mfereji ulipofika shavuni, gundi ilishuka kuukagua. Ikaupita mara moja kwenda, mara moja kurudi. Ikapima umbali kwa mguu wake yenyewe.

"Nimekatazwa maji," ikasema mwishowe. "Mfereji sikukatazwa." Ikavua kofia, ikasogea pembeni.

Chozi la kwanza likapita. Lilipita polepole, limenyoosha suti yake, likatoa kadi ya mwaliko ingawa hakuna aliyeiuliza. Hilo lilikuwa la baba. Nyuma yake yakafuata mengine kwa mkururo, na mimi nikalia kama sijawahi kulia. Nilimlilia mama aliyekuwa akinisuka jioni huku anasinzia, macho yamefumba na vidole vinaendelea kusuka. Nililia kwa kuwa kuanzia wiki ijayo atachemsha chai ya mtu mmoja. Sikulia ili mtu anione, wala sikuwaza kope. Nililia kwa sababu ninampenda na ninaondoka.

Na kope zote, wenyeji kwa wageni, zilisimama ukingoni mwa mfereji, kavu, zimeegemea majembe yao, zikitazama maji yanavyopita.

Kiti cha mama kikaanza kupanda. Kilitoka udongoni, kikafika usawa wa mahindi, kikayapita. Mama akawa juu ya watu wote, mkoba mapajani, naye analia vilevile, na machozi yake yakiyanyeshea mahindi, na mahindi yakirefuka kumfuata. Vigelegele vikapigwa mlima mzima. Mshereheshaji akatangaza kwamba chozi limewasili na hakuna tena la kusema, na wote waliokuwa wamejiandaa kusema wakameza pilau.

Yule mwanamke wa kilemba kirefu akasimama. "Mimi nilisema tangu mwanzo," akasema, "mtoto huyu ana uchungu wa kwao!"

Nikampepesea macho mara moja tu. Yeye alibaki alipo. Kilemba kilionekana mara ya mwisho kikivuka mlima.

"Mwantumu! Amka, mwari, kumekucha!"

Nikafumbua macho. Alikuwa Shangazi Mwajabu, ameinama juu ya kitanda. Mikono yangu ilikuwa mahali pake. Mto ulikuwa umelowa pande zote mbili, na shangazi alipouona akashika kichwa, akanyakua kioo, akanisogezea. Tukatazama pamoja. Kope zilikuwapo zote, zimekauka, zimejikunja vilevile.

"Mshukuru Mungu," akasema. "Hebu tulia nikutoe tongotongo."

Akanifuta kona ya jicho kwa ncha ya kanga. Akaitazama ile kanga. Akaenda nayo dirishani penye mwanga, akaitazama tena, akasugua kile kitu kati ya vidole. Kilikuwa chembe ya udongo mwekundu, mbichi, wa kulimika.

"Mwantumu," akasema taratibu, "wewe umelala wapi?"

Mlango ulifunguliwa akaingia mama, ameshika vikombe viwili vya chai, kimoja chake na kimoja changu. Nikaviona vile vikombe viwili, nikakumbuka chai ya mtu mmoja.

"Kope!" akapiga kelele shangazi. "Kope, we mtoto! Si sasa!"

Chozi lilishatoka. Lilifika ukingoni mwa jicho, likakata kona, likateremka shavuni bila kugusa hata ukope mmoja.

"Niache nilie, shangazi," nikasema. "Njia ipo."