Mgeni wa Chumba cha Mwisho

Nyumba ya kwanza haikuwa na dirisha. Dalali aliwasha taa mchana kweupe, akaupiga ukuta kofi kama mtu anayeuza ng'ombe, akasema, "Usijali, baridi haiingii." Nyumba ya pili ilikuwa bondeni. Ilipakwa rangi mpya, lakini rangi yenyewe iliishia usawa wa kifua, na kutoka hapo kwenda juu ukuta ulikuwa wa zamani. Fundi hakuhitaji kuambiwa maji ya mvua yalifikia wapi.

"Usijali," dalali akasema. "Mwaka huu hata mawingu hayana nguvu."

Watu walimwita Usijali, kwa kuwa hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza na la mwisho. Lile la katikati lilikuwa bei.

Fundi alikuwa mtu wa majokofu. Miaka mingi alitengeneza mitambo ya baridi kwenye tawi la kampuni katika mji mwingine, na kampuni ikampa nyumba. Kisha tawi likafungwa. Wakaambiwa anayetaka kazi aifuate makao makuu, nyumba ajitafutie mwenyewe. Akaifuata, angefanya nini? Mkewe, Mama Pacha, kule alikuwa na cherehani kibarazani na wateja wake waliomzoea. Cherehani waliibeba. Wateja hawabebeki. Kwa hiyo waliingia mji mpya na mshahara mmoja, mapacha wa darasa la kwanza, na mama mzazi wa fundi. Mama huyo hakuwa na pa kwenda tangu mwanawe mdogo alipouza nyumba ya marehemu baba yao na kuhamia chumba kimoja na mke asiyetaka hata kumwona mkwe.

Nyumba ya tatu ilikuwa na uwanja katikati na vyumba pande zote. Mwenye nyumba alikuwa mwanamke mpana, kitambaa cha kufutia jasho begani, na wapangaji walimwita Kamanda, mbele yake na nyuma yake. Alimfungulia fundi chumba cha mwisho, kilichopakana na choo. Chumba na kijisebule. Harufu ilikuwepo, lakini dirisha pia lilikuwepo, na kwa mara ya kwanza fundi akasikia kodi ambayo akishailipa familia ingebaki na chakula.

"Sharti langu ni moja," Kamanda akasema. "Watu wanne, basi. Choo hiki kikijaa, mimi ndiye ninayeita gari la kunyonya, si nyinyi. Mko wangapi?"

"Wanne," fundi akasema. Lilimtoka kama chafya.

Familia ilikuwa ng'ambo ya barabara, imekaa juu ya mizigo. Akaenda kuwaita. Wakaingia kwa mstari: Mama Pacha na sufuria kubwa kichwani, mapacha wakigombania ndoo, na nyuma kabisa mama yake, begi mkono mmoja na mto wake wa kulalia kwapani. Ule mto aliutia maua kwa sindano yake mwenyewe, zamani macho yalipokuwa macho.

Kamanda akahesabu kwa kidole. Kidole kikasimama. "Na huyu?"

"Huyu ni mgeni," fundi akasema. "Ametusindikiza tu."

Mama yake akamtazama, mara moja tu. Kisha akamgeukia Kamanda na kutabasamu. "Eeh, mwanangu, mimi mgeni. Nawaweka sawa hawa, halafu naenda zangu."

"Mgeni karibu," Kamanda akasema, macho yake kwenye ule mto. "Ila kwangu mgeni ni wiki."

Basi ikawa hivyo. Wiki ilipokwisha, asubuhi wakati uwanja umejaa watu na mabeseni ya kufulia, mama akatoka na begi lake na kusimama katikati. "Haya jamani, mimi nimeondoka! Mbaki salama! Mlionikosea nimewasamehe, niliowakosea mnisamehe!" Watu wakaitikia, safari njema bibi, utusalimie huko. Fundi akabeba begi hadi nje ya geti. Mapacha wakalia machozi ya kweli, maana wao hakuna aliyewaambia kitu.

Baada ya siku chache akarudi. Alisahau dawa ya macho. Wiki ikapita, akaaga tena kwa sauti ile ile, akarudi tena. Safari hii gari liliharibika njiani. Mara ya tatu alisema ameota mapacha wanaumwa. Kila akirudi alikuwa amejifunga nguo nyingine, kana kwamba Kamanda angedhani ni bibi mwingine.

Uwanja ukapata mchezo wa kuigiza wa bure. Kinyozi wa chumba cha kwanza, aliyekuwa na kiti chake cha kazi hapo hapo getini, ndiye aliyeongoza vicheko. "Bibi, ungekuwa unalipwa kwa kuaga, saa hizi una ghorofa!"

"Ghorofa ningelipeleka wapi, mwanangu, na magoti haya?" mama akamjibu, na watu wakavunjika mbavu.

Kamanda naye hakubaki nyuma. "Baba Pacha, mgeni wako anasafiri kuliko rubani."

Fundi alicheka pamoja nao. Alicheka kuliko wote.

Siku alipomuuliza mama yake hulala wapi zile siku za katikati, alimjibu bila kufikiri. "Nina shoga yangu huku nyuma ya soko. Ana kitanda cha ziada. Usinihangaikie, baba." Mama aliyeingia mji huu mguu mmoja na wao, shoga kampata lini? Fundi hakuuliza. Aliamini, kwa sababu kuamini kulikuwa rahisi kuliko kupata nyumba nyingine. Si kwamba hakutafuta. Kila jioni ya mapumziko alizunguka na Usijali mpaka soli zikaisha, na kila mlango waliofungua ulikuwa wa mtu mwenye mishahara miwili, au ulikuwa bondeni.

Kisha chumba cha maiti cha hospitali kikapoteza baridi.

Hospitali iliita kampuni, kampuni ikampeleka fundi na dereva wa gari la kazi. Kutoka getini hadi chumba cha maiti mtu hupita kando ya banda refu lisilo na kuta, ambamo ndugu wa wagonjwa hushinda na kulala wakisubiri. Mikeka, ndoo, vyombo vya chakula, nguo zimeanikwa kwenye nguzo. Pale hakuna anayemuuliza mtu amefuata nini. Fundi alikuwa na mtungi wa gesi begani, dereva nyuma yake na sanduku la vifaa.

Aliisikia sauti kabla ya kumwona mwenyewe.

"Wangu mimi yuko humo ndani," sauti ilikuwa inamwambia mwanamke aliyekuwa akimenya chungwa. "Mwanangu wa kwanza. Kifua kimembana, hapumui vizuri."

"Pole, mama. Madaktari wanasemaje?"

"Wanasema ana nafuu. Ni mtoto mwema yule. Ni maradhi tu yamembana."

Fundi akaganda. Kiatu chake kilikuwa juu ya ncha ya mkeka, na juu ya mkeka kulikuwa na begi analolijua. Mama yake akainua uso.

"Vipi, fundi?" dereva akasema kwa nyuma. "Mtungi umekushinda? Nikubebe na wewe?"

Mama akamtazama dereva, akatazama sare ya kampuni kwenye kifua cha mwanawe, kisha akauvuta mkeka taratibu.

"Pita, fundi," akasema. "Ulikuwa unanikanyagia tu. Poleni na kazi."

"Asante, mama," fundi akasema, kama mwanamume yeyote anavyomjibu mwanamke mzee yeyote, akapita.

Ndani alikuta feni ya kutolea joto imeungua. Kazi ndogo, aliyoweza kuifanya amefumba macho, lakini bisibisi ilimtoka mkononi mara mbili na kugonga sakafu. Dereva, aliyekuwa amebana pua mlangoni, alidhani ni woga. "Wamekutisha hawa?"

"Ndiyo," fundi akasema.

Alipomaliza alimwambia dereva atangulie. Akarudi bandani na kuinama kulichukua begi. "Twende nyumbani, mama."

"Siku zangu hazijatimia. Yule mwanamke atapiga kelele."

"Nimesema twende."

Alilibeba begi njia nzima. Fundi alijikaza kisabuni mpaka walipoingia getini. Hakwenda chumbani. Alisimama katikati ya uwanja, pale pale mama yake alipozoea kuagia, na kupaza sauti ili hata wa choo asikie.

"Kamanda! Huyu si mgeni! Huyu ni mama yangu, ndiye aliyenizaa! Anaishi hapa na mimi, na haondoki tena!"

Mkasi wa kinyozi ukanyamaza. Mama Pacha akatoka mlangoni na kushika mdomo. Kamanda alikuwa kwenye kigoda akichambua mchele, na hakuinuka.

"Kwani umeniambia jipya?" akasema polepole. "Nilijua siku ile ile. Mgeni gani anakuja na mto wake? Nilinyamaza. Nami nilikuwa na mama."

"Basi kama ulijua..."

"Nilijua mimi. Sasa wanajua wote." Akauzungusha mkono kuonyesha milango. "Kesho wa chumba cha tatu ataniletea shangazi. Kinyozi amlete mkwe. Nitamkatalia nani, na kwa mdomo gani? Ungeninyamazia, Baba Pacha, ningekunyamazia. Umetaka ushujaa. Mwisho wa mwezi niwakute wanne, au nikikute chumba kitupu."

Hakuna aliyecheka. Hata kinyozi alijifanya anatafuta kitana.

Jioni ile Mama Pacha alilia, akasema basi wahame, hata kule bondeni. Fundi akaafiki, akasema kesho atamtafuta Usijali.

"Mhamie kwenye ile rangi mpya?" mama akauliza. "Hawa watoto wajifunze kuogelea kitandani?" Akacheka peke yake. Alikula vizuri, akawakata mapacha kucha, akamwonyesha mkwewe namna ya kukaza mkanda wa cherehani uliolegea. Akalala mapema.

Asubuhi mkeka wake ulikuwa umekunjwa na kuegemezwa ukutani. Begi halikuwepo. Mto ulikuwa kwenye kitanda cha mapacha, katikati ya vichwa vyao.

Uwanjani hakuna aliyekuwa amesikia sauti. "Nimemwona akipita," kinyozi akasema. "Nikajua anakwenda dukani. Hakusema neno, Baba Pacha. Na kuaga ndiyo ilikuwa kazi yake."

Fundi alikimbia hadi hospitali. Mahali pa ule mkeka palikuwa na watu wengine na kikapu chao. Mwanamke wa machungwa alikuwa bado yupo, na hakumtambua bila mtungi.

"Yule mama wa begi? Amepita hapa alfajiri kutuaga. Ametuaga mmoja mmoja, mpaka wale wa kule mwisho. Anasema mwanawe amepona, wamemruhusu." Akamtazama vizuri. "Wewe ni nani wake?"

Fundi alifungua mdomo. Kisha akatikisa kichwa na kuondoka.

Usiku ulipoingia, fundi akapiga simu, na mdogo wake akapokea. "Amefika," akasema. "Nimemtandikia jikoni, lile la wapangaji wote. Mke wangu amenuna, lakini nifanyeje? Hataki kuongea na simu, anasema masikio yanamsumbua." Masikio ya mama yao yalikuwa mazima kabisa, na wote wawili walilijua hilo.

Mwisho wa mwezi Kamanda akapita na kidole chake. Akahesabu wanne, akapokea kodi, akasimama kidogo mlangoni kama mtu aliyesahau kitu, kisha akaenda.

Mapacha walikuwa wamebuni mchezo. Mmoja anautia ule mto kwenye mfuko, anasimama katikati ya uwanja na kupiga kelele, "Haya jamani, mimi nimeondoka! Mbaki salama!" Mwenzake anamsindikiza hadi getini na kulia kwa nguvu. Kisha wanabadilishana. Mwanzoni watu walicheka, baadaye wakaacha, lakini watoto hawakuacha. Fundi aliketi mlangoni mwa chumba chake cha bei nafuu, sare ya kazi ingali mwilini, akiwatazama wanakwenda na kurudi. Hakujua awakataze kwa maneno gani.