Kidole Juu ya Kifaru

Fundi saa alipotua kadi ya Radi mezani, watu kumi na mmoja waliojibana kwenye chumba cha nyuma cha duka la vitabu wakanyosha shingo waone. Radi ina maneno machache tu: lenga mnyama mmoja, anakufa. Mpinzani wake, kinyozi, alikuwa amebakiwa na kadi ya Chui peke yake ya kumkinga. Chui akifa, Kifaru wa fundi saa atapita bila kizuizi na mchezo umekwisha. Fundi saa alikuwa ameshika nafasi ya pili miaka mitatu mfululizo, na leo alikuwa hatua moja tu kabla ya kwenda kuwakilisha chama chao cha mchezo wa kadi kwenye mashindano makubwa.

Mkewe, mshonaji kwa kazi na mwamuzi wa chama, alisimama kando ya meza. Wala msiseme ni upendeleo. Kinyozi mwenyewe ndiye aliyesema, "Namwamini shemeji kuliko ninavyomwamini mume wake," na watu wakacheka.

Fundi saa akainama. Kidole chake kikapapasa ukingo wa meza, kikafika kwenye kadi, kikatulia juu yake. Mkewe akainama kutazama. Ile ilikuwa kadi ya Kifaru, Kifaru wa fundi saa mwenyewe!

"Amegusa!" Kinyozi akaruka. "Mwamuzi, amegusa!"

Kanuni ilibandikwa ukutani, kwa mwandiko wa mwamuzi: kadi ikishatua, unachogusa kwanza ndicho ulicholenga. Waliitunga mwaka uliopita kwa sababu ya wale wajanja wanaogusagusa huku wakichungulia uso wa mpinzani, na aliyepiga kelele kuliko wote ili ipite alikuwa fundi saa. Tena Radi haisemi mnyama wa nani. Mnyama ni mnyama, hata awe wako.

"Mchimba kisima huingia mwenyewe," mtu akanong'ona, na mwenzake akashindwa kuzuia kicheko.

Mwamuzi hakucheka. Kwa miezi minane sasa macho ya mumewe yalikuwa yakififia, na siri hiyo waliijua wao wawili tu. Skrubu za saa alizitafuta kwa ncha za vidole, meno ya magurudumu akayahesabu kwa ukucha. Pale mezani hakuwa akilenga, alikuwa akitafuta. Na kitabu cha kanuni kilimruhusu: mchezaji asiyeona vizuri anaweza kupapasa kadi kabla ya kulenga, mradi aseme. Asubuhi alimsihi aseme. Akajibiwa, "Nusu ya wateja wangu watakuwa kwenye chumba kile. Nani atampa kipofu saa yake?"

Sasa alimwonea huruma na kumkasirikia kwa wakati mmoja. Mwanamume mzima, kiburi kama cha jogoo!

"Fundi," alimwita, kama anavyomwita mchezaji yeyote. "Ulikuwa unalenga, au ulikuwa unatafuta kadi? Kama una sababu, kitabu kinakuruhusu kuisema sasa hivi."

Fundi saa akainua uso. Mkewe alijua kwamba anaona kivuli chake tu, lakini uso ule ulimwomba waziwazi asiendelee.

"Nililenga."

"Fikiri vizuri, mume wangu."

"Mwamuzi, nimesema nililenga."

Mwamuzi akaiondoa kadi mezani. "Basi Kifaru anakufa."

Haikuchukua hata dakika tano, Chui akamaliza kazi. Watu wakampongeza kinyozi, wakaanza kukusanya viti. Kinyozi, furaha na aibu zikimchanganya, akatoa saa ndogo ya mkono mfukoni.

"Usinune, ndugu yangu. Nina kazi yako hapa. Saa ya marehemu mama, imesimama tangu wiki jana. Wengine siwaamini, wataiua kabisa."

Fundi saa akaipokea. Akaisogeza karibu na jicho, akaiweka mbali, akairudisha karibu. Kidole gumba kilipita juu ya kioo polepole. Mkewe alitaka kuomba dua, asijue aombe nini. Bisibisi ikiteleza mara moja tu ndani ya saa ile, basi.

Fundi saa akairudisha kwenye kiganja cha kinyozi, akamfumba vidole juu yake.

"Mpelekee mwingine. Macho yangu hayaoni tena. Nitakuharibia."

Waliokuwa wakikusanya viti wakaviweka chini. Kinyozi akaitazama meza, akaitazama kanuni ukutani.

"Kumbe ulikuwa unapapasa! Sasa mbona hukusema, jamani? Ungenishinda!"

"Kifaru ni wangu," fundi saa akasema. "Hii ni ya mama yako."

Mkewe akamshika mkono, akalia palepale mbele ya wateja wote.