Mkwe Wangu Kando ya Bahari

Msinicheke. Nilikuwa mtu wa Mombasa mimi, miaka minne mizima. Mume wangu Ackson alikuwa fundi wa injini za treni kule, wakati Tanzania na Kenya bado tuna reli moja, na kila Jumapili jioni tulikwenda kupunga upepo kando ya bahari. Nyie mliozaliwa na mvua ya Tukuyu mgongoni hamuijui raha ile. Unatembea taratibu, huna mzigo kichwani wala jembe begani, unakula muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu, unatazama watu nao wanakutazama. Nilipapenda, sifichi. Nilipapenda kumshinda Ackson mwenyewe.

Mwaka 1974 baba mkwe, Mzee Ambilikile, alituma barua kutoka huku Mpuguso. Walikuwa wanahamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba ivunjwe ijengwe upya, na kifua kilikuwa kinambana. Alimwomba mwanawe aje amsaidie. Ackson akajibu hana likizo. Uongo mtupu. Likizo alikuwa nayo, tukaimalizia palepale ufukweni, na mimi ndiye niliyembembeleza tubaki.

Jumapili moja Ackson alikwenda kununua muhogo, nikabaki nimesimama peke yangu. Nikaona mzee anakuja, peku, koti lake la mvua linachuruzika maji, na Mombasa ilikuwa na wiki tatu bila tone. Nilimjua kwa koti. Sasa, kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto haruhusiwi kumtazama baba mkwe. Akimwona njiani anampisha, anampa mgongo. Ndivyo nilivyofunzwa nilipoolewa, na mwili ukafanya wenyewe. Nikajifunika kanga, nikageukia bahari. Alisimama nyuma yangu. Akakohoa, akangoja. Kisha maji yakaacha kudondoka nyuma yangu.

Ackson aliporudi nilimweleza. Alikimbia barabara nzima akiita baba, baba, watu wakimshangaa. Jumanne ikaja telegramu: mzee amefariki Jumapili jioni, ndani ya kibanda cha majani ya migomba, nyumba mpya haijaezekwa.

Tukarudi huku. Miaka mitatu Ackson akawa na swali moja tu: baba alikuwa na uso gani, wa hasira au wa kusamehe? Namwambia sikuuona, nilimpa mgongo. Kesho anauliza tena. Akakonda, chakula kikawa hakimpiti kooni. Juzi nikashindwa.

“Nilimtazama,” nikamwambia. “Alikuwa anatabasamu.”

Kwa mke kukiri hivyo ni aibu, bora avuliwe nguo sokoni. Ackson akalia kama mtoto, akanishukuru. Siku hiyo alikula ndizi sahani mbili.

Yeye sasa ana amani. Mzee anakuja kwangu. Mchana kweupe, jua linawaka, nikichuma chai nasikia maji yanadondoka nyuma yangu, na mtu anangoja. Natamani nimwambie kwamba ni mimi niliyemzuia mwanawe, anisamehe. Lakini ni mkwe wangu. Naona haya, sigeuki.