Masale ya Mpakani

Hadija alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kuuliza. Mama yake, kule Pasua, alishachoka naye tangu utotoni, na sasa halmashauri ilikuwa imempa kazi kwa ugonjwa huohuo. Kabla ya mvua za masika alitumwa Uru kukagua nyumba zilizo kwenye hatari ya maporomoko ya udongo.

Nyumba ya mzee Ndelilio ilikuwa chini ya mteremko, na ukuta wake wa nyuma ulikuwa umeanza kupasuka. Hadija alimwamkia, kisha akamsihi yeye na mkewe Mektrida wahamie kwa Evaristo, mdogo wa mzee, aliyejenga juu kwenye ardhi imara. Mzee alicheka kwa kejeli. Afadhali udongo umfunike, alisema, kuliko kulala kwa mwizi wa mpaka. Kihamba, shamba la urithi la baba yao, kiligawanywa kwa mstari wa masale, mimea ile ya majani marefu ambayo Mchagga haing'oi hovyo, na Evaristo alikuwa akiyasogeza chini kidogo kidogo, akimmegea kaka yake ardhi. Hawakuwa wakisalimiana hata kanisani.

Mwingine angeandika kwamba mzee amekataa, akashuka zake mjini. Hadija aliomba aonyeshwe hayo masale.

Mstari ulianza vizuri, ulipofika katikati ukatokeza kuelekea chini kama kitambi, kisha ukanyooka tena. Sasa mwizi gani huyu, alijiuliza, anayeiba katikati tu na kuacha pembeni? Alifukua shina moja. Mizizi ilikuwa ya miaka mingi, haijaguswa na jembe. Akatazama mibuni ya hapo, nayo ilikuwa imelala upande mmoja. Basi hakutulia tena. Alipanda akichokonoa majani makavu ya migomba kwa fimbo, mpaka fimbo ikazama karibu yote. Chini ya majani kulikuwa na ufa mrefu, na maji ya mfereji wa shamba yalikuwa yakipotelea humo kimyakimya.

Akamwita mzee aje aone.

"Baba, masale hayakuhamishwa na mtu," alimwambia. "Ardhi yenyewe inateremka, imeyabeba. Na nyumba yako ndiyo iko njiani."

Ndelilio aliinama akachungulia ule ufa. Hadija alidhani atauliza habari za nyumba.

"Kwa hiyo Evaristo hakuniibia," alisema mzee.

"Hakukuibia."

Alishuka hadi mpakani, akachuma jani moja la sale, akalipiga fundo, akaanza kupanda kwenda kwa mdogo wake. Hadija, kama kawaida yake, akamuuliza Mektrida jani lile ni la nini.

"La kuomba msamaha," alisema Mektrida. "Ukiletewa sale, mwanangu, hukatai."

Akaingia ndani, akatoka na godoro kichwani, hakungoja hata jibu la Evaristo.